Lanet 1964: Swali Lililokosa Mlango

Jioni ya Ijumaa, tarehe 24 Januari 1964, askari wa kikosi cha 11 cha Kenya Rifles walikuwa kambini Lanet, karibu na mji wa Nakuru, wakimngoja Waziri Mkuu, Jomo Kenyatta, aseme neno kuhusu mshahara.

Neno halikuja.

Usiku huo ghala la silaha likavunjwa.

Kenya ilikuwa na siku 43 tangu Uhuru. Wengi wetu Nakuru tumeisikia habari hii kwa ufupi mno: askari walitaka pesa, Waingereza wakaja kutoka Gilgil wakawanyang'anya bunduki, wengine wakafungwa. Hakuna uongo hapo. Lakini kwa wiki kadhaa nimekuwa nikirudi kwenye kile kilichorukwa. Kambi ya jeshi ina utaratibu wa kila jambo: wa kupiga saluti, wa kukunja blanketi, wa kuosha mtutu, wa kumzika mwenzako. Je, ulikuwepo utaratibu wa askari mia kadhaa kuuliza swali moja lililowahusu wote?

Siku kumi na mbili

Jumapili ya tarehe 12 Januari, serikali ya Sultani iliangushwa Zanzibar. Waliokuwa na John Okello, aliyeongoza mapinduzi hayo, walianza na maghala ya silaha ya polisi, Ziwani na Mtoni. Wengi waliingia na mapanga na marungu, wakatoka na bunduki. Tuiweke Ziwani kando kidogo, nitairudia.

Jumatatu ya tarehe 20, askari wa Tanganyika Rifles katika kambi ya Colito, Dar es Salaam, waliwakamata maofisa wao Waingereza. Askari wa cheo cha chini kabisa alikuwa akilipwa shilingi 105 kwa mwezi. Walitaka 260, na walitaka Waafrika wavishwe vyeo vya Waingereza.

Alhamisi ya tarehe 23 ikawa zamu ya Jinja. Felix Onama, Waziri wa Mambo ya Ndani wa Uganda, alikwenda kuzungumza na askari, wakamzuilia kambini. Akakubali nyongeza.

Ijumaa, Lanet.

Watu hawa walikuwa ndugu wa tumbo moja. Kikosi cha 6 cha KAR (King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza) ndicho kilichozaa Tanganyika Rifles, cha 4 kikazaa Uganda Rifles, na cha 11 kiliingia usiku wa Uhuru kikiwa KAR kikatoka kikiwa Kenya Rifles. Katika miaka ya 1950 Nakuru ilikuwa na kituo cha mafunzo kilichopokea askari wa nchi zote tatu. Hapo ndipo walipoandaliwa maefendi, cheo kilichofufuliwa ili Mwafrika apande juu ya sajinimeja bila kufikia ofisa kamili. Idi Amin alipita Nakuru kabla ya kuvishwa uefendi mwaka 1959. Kwa hiyo habari ya Jinja ilipofika Lanet haikuwa habari ya nchi jirani. Ilikuwa habari ya watu waliowahi kulala bweni moja, kula sufuria moja na kupigishwa kwata na sajini mmoja.

Neno lenyewe tunalo hadi leo. Efendi ni la Kituruki, lilikuja na askari wa Sudan waliochukuliwa na Waingereza mwishoni mwa karne ya 19, na ndilo lililozaa "afande" tunayomwita polisi barabarani. Ombasha, yule koplo wa zamani, ni Kituruki pia: mkuu wa kumi. Shaush ni sajini. Vyeo vilitoka Uturuki, sheria Uingereza, na lugha ya kwata ikawa Kiswahili cha keya, yaani cha KAR. Jeshi lilikuwa limejengwa kwa mbao za watu wengi, na wa Lanet hawakuwa wamechagua hata ubao mmoja.

Dunia nayo ilikuwa imechafuka

Uingereza ilikuwa imetawanya askari wake kila pembe. Tangu Desemba 1963 walikuwa Cyprus wakizitenga jamii mbili zilizokuwa zikiuana. Aden ilikuwa chini ya hali ya hatari, na mwezi huo huo wa Januari walianza vita vya milima ya Radfan. Borneo walikuwa wakikabiliana na Indonesia. Kaskazini mwa Kenya kwenyewe serikali ilikuwa imetangaza hali ya hatari mwishoni mwa Desemba kwa sababu ya vita vya shifta, waasi waliotaka eneo hilo lijiunge na Somalia. Baadhi ya askari wa Kiingereza waliokuwa bado Kenya, wa Scots Guards na Staffordshire, wakapelekwa Uganda kwa ajili ya Jinja.

Waziri Mkuu wa China, Zhou Enlai, alikuwa katikati ya ziara ndefu ya Afrika. Alitarajiwa Afrika Mashariki. Ziara hiyo ya kwetu haikufanyika; maasi yaliifuta.

Ndiyo maana walioitazama Lanet kutoka mbali waliona mkono wa Moscow au wa Peking. Nimejaribu kuwaelewa. Mapinduzi Zanzibar, kambi tatu ndani ya wiki moja, Mchina yuko njiani: nani asingeunganisha nukta hizo? Lakini madai ya askari hayakuwa na Marx ndani yake. Yalikuwa na shilingi.

Mezani kwa mshahara

Anayetaka kuielewa Lanet aanzie kwenye meza ya mshahara. Katika jeshi la mtindo wa Kiingereza, kupokea mshahara ni gwaride kamili.

Meza inawekwa. Ofisa anaketi, pembeni yake karani na orodha. Askari wamepanga mstari. Jina linaitwa, askari anaitika, anapiga hatua hadi mezani, anasimama wima, anapiga saluti, anataja nambari yake na jina lake. Ofisa anahesabu noti na sarafu mbele yake. Askari anahesabu tena, anatamka kwamba ni sawa, anatia sahihi au dole gumba, saluti, nyuma geuka, anaondoka.

Kama hesabu ina kasoro, aseme pale pale. Akishageuka, hesabu imefungwa.

Hapo ndipo askari wa kawaida alipoonana na ofisa uso kwa uso kuhusu fedha, mara moja kwa mwezi, kwa muda wa kuvuta pumzi chache. Na mdomo wake uliruhusiwa jambo moja: je, ulichonipa ni kile kilichoandikwa? Swali kwamba kilichoandikwa hakitoshi halikuwa na nafasi mezani. Ofisa mwenyewe hakuwa na jibu. Alikuwa Mwingereza, anahesabu pesa za serikali ambayo si yake tena, mbele ya mtu aliyeambiwa mwezi uliopita kwamba nchi sasa ni yake.

Kila nikiirudia picha hiyo, macho yangu hubaki kwenye mkono wa yule askari unaoziokota sarafu. Bendera imeshabadilika. Alama ya kofia imeshabadilika. Meza ni ile ile, na aliyeketi nyuma yake ni yule yule.

Habari, nia, njia

Kinachoniumiza zaidi ni kwamba jeshi lenyewe lilijua kufanya vizuri zaidi.

Amri ya vita katika mafunzo ya wakati huo ilikuwa na vichwa vitano, na kila koplo alivikariri. Cha kwanza ni habari: adui yuko wapi, wangapi, wana silaha gani, wenzetu wako wapi kushoto na kulia. Cha pili ni nia, sentensi moja tu isiyo na "labda". Cha tatu ni njia: seksheni ipi inatangulia, ipi inafyatua risasi kuwafunika wenzake, saa ngapi. Cha nne ni mahitaji: risasi 50 kwa kila mtu, maji, chakula, majeruhi wanapelekwa wapi. Cha tano ni mawasiliano: kamanda atakuwa wapi, na fataki ya rangi gani inamaanisha nini.

Kisha kamanda anasema: maswali?

Hapo hapaswi kuharakisha. Askari asiyeuliza huenda hakuelewa, kwa hiyo kamanda mzuri anageuza, anamuuliza yeye. Wewe, seksheni ya pili, ukifika kwenye mti ule unafanya nini? Mafunzo yanasisitiza hivyo kwa sababu inayojulikana na kila aliyewahi kuongoza watu usiku: mtu asiyepewa habari hujitengenezea yake. Atasikia tawi limevunjika aseme ni adui. Atamwona mwenzake anarudi nyuma aseme tumeshindwa.

Sasa chukua vichwa hivyo vitano uviweke mbele ya bweni la Lanet, juma lile la Januari. Habari: wenzenu wa Colito wamefanya hivi, wa Jinja wamepata vile, serikali yenu inalifikiria jambo la mshahara kwa namna hii. Nia: nyongeza ipo, au haipo. Njia: itapitia ngazi gani, kufikia mwezi gani. Kazi ya robo saa.

Askari akabaki na redio, na redio ilimweleza habari za adui na za wenzake bila kichwa cha pili, cha tatu, cha nne wala cha tano. Akajitengenezea mwenyewe.

Kosa linaloanzia kwa watu wawili

Kuna atakayesema: si wangepeleka shauri? Mlango wa malalamiko ulikuwepo. Askari anamwambia koplo, koplo anampeleka kwa sajini, sajini kwa sajinimeja, na sajinimeja anamsimamisha mbele ya kamanda wa kombania. Asiporidhika anaweza kupanda hadi kwa kamanda wa kikosi.

Ni kweli. Lakini mlango huo unapitisha mtu mmoja mmoja. Kwa sheria ya kijeshi ya Kiingereza, uasi ni watu wawili au zaidi kuungana kupinga mamlaka halali. Bunduki si sharti, na damu si sharti. Askari mmoja anayelalamika ana shauri. Wawili waliopatana kulalamika kwa ukaidi wameanza kuusogelea mstari. Mia wakikataa kutoka bwenini wameuvuka, hata wakiwa wamekunja mikono.

Sababu ya sheria hiyo naielewa na siidharau. Watu wenye bunduki wakijifunza kudai kwa pamoja, siku moja watadai Ikulu. Katiba yetu ya 2010 imelibeba wazo hilo hilo: Kifungu cha 24(5) kinaruhusu sheria iwawekee wanajeshi na polisi mipaka katika haki kadhaa, ikiwemo ya Kifungu cha 41, ile ya mahusiano ya kazi ambayo mwalimu wa Kisumu au muuguzi wa Kakamega huitumia kugoma.

Tatizo ni la hesabu. Mshahara wa kikosi ni jambo la wote kwa asili yake. Ukiupitisha kwenye mlango wa mmoja mmoja, kamanda wa kombania atasikia shauri lile lile mara mia na kujibu mara mia kwamba liko juu ya uwezo wake. Atakuwa amesema kweli kila mara. Mtu wa mia moja na moja hatapanga foleni.

Ghala

Ghala la silaha la kambi limeundwa kwa ajili ya mwizi anayetoka nje. Bunduki zimesimama kwenye vishikizo, mnyororo umepita ndani ya vikinga vya triga zote na kufungwa kwa kufuli. Risasi ziko jengo jingine. Ufunguo hauachwi kwa mtu mmoja. Kila bunduki ina nambari, na kila askari anaijua yake kama anavyolijua jina la mamaye. Ikitoka inaandikwa, ikirudi inaandikwa. Gadi inalinda usiku kucha, kila mtu saa mbili lindoni na saa nne za kupumzika, chini ya koplo.

Kasoro ya mpango huo ni moja, na haizibiki kwa chuma. Aliye lindoni ni askari wa kikosi hicho hicho, mwenye mshahara huo huo, aliyesikiliza redio hiyo hiyo. Kufuli na mnyororo vinamchelewesha mtu tu. Kinachomzuia ni yule mwenye zamu.

Na ghala likishavunjwa, kurudisha bunduki ni kazi kubwa kuliko kuzihesabu. Mfano mzuri ni Lee-Enfield nambari 4, bunduki ya zama za keya, inayobeba risasi 10. Bolti yake, kile chuma kinachoifunga risasi ndani ya mtutu, imechongwa nambari ya bunduki yenyewe. Kichwa cha bolti kina vipimo, 0 hadi 3, na fundi huchagua kinachoacha nafasi sahihi nyuma ya ganda la risasi. Bolti zikichanganyika gizani, bunduki bado italia. Ila nafasi ikizidi, ganda linaweza kupasuka na gesi ikamrudia mpigaji usoni. Ndiyo maana silaha zilizokusanywa kutoka kwenye fujo haziingii ghalani kabla fundi hajazishika moja moja, bolti kwa bunduki, nambari kwa nambari. Mtu mmoja, taa moja, usiku mzima wa watu mia kufumuliwa polepole mezani.

Ziwani au Jinja?

Hapa ndipo fikra zangu zilipogeuka.

Nilikuwa nikidhani pande mbili za usiku ule zilikuwa zikibishana juu ya shilingi. Sidhani hivyo tena. Zote mbili zilisikia matangazo yale yale ya siku kumi na mbili, na kila upande ukachukua ukurasa wake. Askari alisoma Jinja: ukisimama imara siku moja, waziri anakubali, na kesho unarudi kazini na nyongeza. Serikali ilisoma Ziwani: ghala likivunjwa usiku, asubuhi hakuna serikali.

Kwa hiyo kitendo kimoja, mlango wa ghala kuvunjwa, kilikuwa na maana mbili kwa wakati mmoja. Kwa aliye ndani ulikuwa mwanzo wa mazungumzo. Kwa aliye Nairobi ulikuwa mwisho wake.

Sijui kama ningekuwa Nairobi ningesoma tofauti. Nyerere, Rais wa Tanganyika, alikuwa amejificha siku za mwanzo za maasi ya Colito, na waziri wake Oscar Kambona ndiye aliyetoka kwenda kuongea na askari. Mtu aliyeapishwa juzi tu, mwenye kikosi chenye bunduki umbali wa mwendo wa saa chache kutoka ofisini kwake, angekaa kusubiri kujua kama hawa ni wa Jinja au wa Ziwani?

Wanajeshi wa mizinga wa Kiingereza waliokuwa Gilgil, kama kilomita 30, waliletwa Lanet usiku ule. Nusu ya pili ya maasi imo hapo, na ndiyo inayonipa shaka kubwa. Askari aliyechukua bunduki saa mbili usiku kwa ajili ya mshahara, je, saa nane usiku bado aliishika kwa ajili ya mshahara? Au aliishika kwa sababu sasa kulikuwa na Waingereza wenye silaha nje ya uzio, na kuiweka chini kulionekana hatari kuliko kuibeba? Kwa mahakama hao wawili ni mtu mmoja. Bunduki ilikuwa mkononi.

Tarehe 25, Jumamosi, maasi ya Lanet yalikuwa yamezimwa. Askari mmoja alikuwa amekufa. Siku hiyo hiyo makomando wa Kiingereza walishuka kwa helikopta kutoka meli ya Centaur hadi Colito, kwa ombi la Nyerere.

Njia tatu

Tanganyika ilivunja jeshi lake lote na kuanza upya. JWTZ, jeshi la Tanzania la leo, ikazaliwa Septemba 1964. Uganda ililipa. Askari wake wakabaki na mshahara uliozidi maradufu na kumbukumbu ya jinsi ulivyopatikana, na Amin akapanda haraka. Alipomwondoa Obote mwaka 1971, ilikuwa tarehe 25 Januari, miaka saba kamili tangu Jumamosi ile.

Kenya iliadhibu. Mahakama mbili za kijeshi zikakaa, askari 43 wakasimamishwa mbele yake. Tarehe 3 Juni 1964 Nairobi na London zikatia sahihi mapatano ya ulinzi, na Waingereza wakaendelea kutufunzia jeshi. Kamanda wa kwanza Mkenya wa jeshi la nchi kavu, Joseph Ndolo, aliyeanzia chini kabisa keya, alishika usukani mwaka 1966. Mapatano hayo yametulinda na yametufunga, na nadhani bado hatujakubaliana kipi kilizidi. Anayesema adhabu ya Lanet ilitosha kutufundisha alikumbuke jaribio la mapinduzi la Agosti 1982.

Watu 340

Kikosi cha 11 kilivunjwa. Mahali pake pakaundwa kikosi cha 1 cha Kenya Rifles, na watu wake wa kwanza walikuwa askari 340 wa Lanet waliochunguzwa wakaonekana hawakushiriki.

Nimeliwaza zoezi hilo kuliko risasi zote. Kuwapata 340 kunahitaji orodha ya kikosi kizima, na mbele ya kila jina jibu: ulikuwa wapi usiku ule? Nilikuwa kitandani. Nani alikuona? Ulisikia ghala likivunjwa? Nilisikia. Ukafanya nini? Ukishika bunduki, ulimpa nani, saa ngapi? Jirani yako wa kitanda alitoka? Alirudi na nini?

Jina moja, mtu mmoja, wima mbele ya meza, nambari yake kwanza na jina lake baadaye, na ofisa akiandika.

Kwenye gwaride la Lanet leo, makadeti wanaomaliza Chuo cha Kijeshi cha Kenya hupita mbele ya Rais, wanavishwa uluteni, na wengi wao watakabidhiwa platuni ya watu kama thelathini. Vichwa vya amri wanavijua kwa moyo, na wanajua kwamba vikiisha wanatakiwa kunyamaza kidogo, wawatazame watu wao usoni, na waseme: maswali?